Kiswahili cha wodini hakihesabiwi

Jumatatu jioni mdogo wangu alikuja kwangu Kisauni na fomu mkononi, ile ya kuomba kuandikishwa kuwa muuguzi Uingereza. Aliiweka mezani kando ya sahani ya mahamri, akaketi, asiseme kitu. Nikaichukua nikaisoma. Ilikuwa imejazwa yote, imepigwa muhuri wa chuo, isipokuwa sehemu moja. Hapo mkuu wa chuo alitakiwa athibitishe kwamba katika mafunzo yake ya uuguzi, angalau asilimia 75 ya mazungumzo ya wodini, na wagonjwa, na jamaa zao, na wahudumu wenzake, yalifanywa kwa Kiingereza.

Mkuu wa chuo alikuwa amekataa kutia sahihi. "Binti yangu," alimwambia, "masomo yote tumekufundisha kwa Kiingereza na mitihani yote umeifanya kwa Kiingereza. Hilo nakuandikia sasa hivi. Lakini hili la wodini siwezi, nitakuwa nasema uongo."

Simlaumu yule mzee hata chembe. Alisema kweli. Ila tangu siku ile sijalala vizuri, kwa sababu kila nikiifikiria ile sehemu tupu nasikia kama kwamba miaka yangu 14 ya kuhudumia wagonjwa Mombasa imetiwa alama ya kosa.

Nisikilizeni. Mama ametoka Matuga na uchungu wa kuzaa. Amepanda bodaboda hadi lami, akaingia matatu, akavuka feri Likoni akiwa amejishikilia kwenye chuma, amefika wodini saa tisa usiku. Mimi ndiye niliye zamu. Nimpokee kwa Kiingereza? Nimwambie kwa Kiingereza asisukume bado, njia haijafunguka? Akinishika mkono akiniuliza, "Sista, mtoto mzima?", nimjibu kwa lugha ambayo mara ya mwisho aliisikia darasa la sita? Nesi anayefanya hivyo Pwani hafai kuvaa ile sare. Wakufunzi wetu walitufundisha hivyo tangu wiki ya kwanza: ongea na mgonjwa kwa lugha anayoielewa, na kama huijui mtafute anayeijua. Ndiyo maadili ya kazi. Sasa leo mtu anataka kwenda kufanya kazi ile ile ng'ambo, na maadili hayo hayo ndiyo yanayomfungia mlango.

Nitasema jambo ambalo wanaosoma fomu zetu huko London pengine hawajawahi kuliona kwa macho. Nesi wa Mombasa anasikia kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, zamu nzima. Mgonjwa anasema tumbo linamkata upande wa chini tangu jana magharibi; wewe kalamu yako inaandika kwenye faili kwa Kiingereza, na saa umeshaigeuza, maana jana magharibi ya mgonjwa ni saa kumi na mbili na nusu ya jioni na faili linataka 1830. Chati ya presha ni Kiingereza. Partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa kuzaa, ni Kiingereza. Dawa, dozi, kiasi cha dripu, maelezo ya kumpa daktari, ripoti ya kukabidhiana zamu asubuhi, yote Kiingereza. Kisha daktari akishasema, unageuka tena kwa mgonjwa na kumwelezea kwa Kiswahili, na kama ni mzee wa Kidigo unatafuta maneno mengine. Mara 30, mara 40 kwa usiku mmoja. Mtu anayefanya hivyo bila kuua mgonjwa kwa kukosea neno, Kiingereza chake kimeshapimwa. Kimepimwa mahali ambapo kukosea kuna gharama. Lakini fomu inahesabu maneno yaliyotoka mdomoni tu, na yale tuliyoyaandika kwa mikono yetu, faili juu ya faili, hayana kisanduku.

Najua nitaambiwa lugha ni usalama wa mgonjwa. Nakubali, tena nakubali kuliko wengi, kwa kuwa nimeliona.

Nikiwa mwaka wangu wa pili kazini, tulipokea nesi kijana kutoka bara, hodari sana, darasani angenipita mbali. Bibi mmoja wa Mji wa Kale akamwita: "Mwanangu, moyo wanichafuka." Yule kijana akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa analalamikia moyo. Akampima mapigo, akampima presha, akakimbia kumwita daktari, mashine ya moyo ikaletwa, bibi akaanza kubandikwa waya kifuani. Mimi nikipita na troli ya dawa nikamwona bibi ameziba mdomo kwa pembe ya leso. Nikampa beseni, akatapika papo hapo. Alikuwa amemeza vidonge bila kula. Moyo kuchafuka ni kichefuchefu. Kila mtoto wa Mombasa anajua.

Yule kijana Kiswahili alikuwa nacho, tena sanifu, cha kuandikia mtihani. Alichokosa ni Kiswahili cha kitandani, na hicho hakuna karatasi ya mtihani inayokipima. Alikipataje? Aliuliza, akakosea, akacheka nao, akaketi na bibi wale saa za wageni. Mwaka haukuisha, akawa anajua hata maneno ya Kidigo ambayo mimi nayabahatisha.

Binamu yangu aliyeko Uingereza alinisimulia kitu kama hicho. Mzee mmoja wodini kwao alimwambia anataka kwenda "kutumia peni", ile sarafu yao ndogo. Binamu yangu akamfikiria mzee wa watu amechanganyikiwa, anatafuta duka. Kumbe alikuwa anataka haja ndogo. Binamu yangu alifaulu mtihani wa lugha kwa alama za juu, na neno lile hakulikuta humo. Alifundishwa na mzee mwenyewe.

Kwa hiyo sikatai lugha ipimwe. Ninachokataa ni jinsi inavyopimwa, na ni nani anayesamehewa kupimwa.

Baraza la wauguzi la Uingereza, NMC, lina orodha yake ya nchi ambazo inachukuliwa wananchi wake wengi huzungumza Kiingereza. Jamaika imo, Barbados imo. Kenya haimo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Tulisomeshwa hesabu kwa Kiingereza, sayansi kwa Kiingereza. Walioleta Kiingereza hapa ni wao, na walikileta kwa nguvu. Sisi tumekitunza, tumekisomea, tumekifanyia mitihani tangu tukiwa na meno ya utotoni, na bado hatukuacha kusema na mama zetu kwa lugha zao. Hilo la pili ndilo linalotuondoa kwenye orodha.

Asiyepata sahihi ya chuo basi anakwenda kwenye mtihani wa Kiingereza. Mdogo wangu alishaufanya mara moja, mwezi wa nne, IELTS ya kiakademia. NMC wanataka 7 kwenye kusikiliza, kusoma na kuongea, na 6.5 kwenye kuandika. Alipata 7.5, 8, 7.5. Kuandika akapata 6.

Nusu alama. Nimeona jinsi alivyojitayarisha. Akitoka zamu ya usiku anaoga, anaweka simu mezani na saa inahesabu dakika 60, anaandika mawili: la kwanza kueleza grafu kwa maneno 150, la pili insha ya maneno 250. Grafu za umeme, za watalii, za watu kuhamia mijini. Nesi ambaye usiku uliopita ameandika noti za wagonjwa 22 kwa Kiingereza, zikasomwa na daktari na dozi zikabadilishwa kwa sababu ya noti hizo, anaambiwa hajui kuandika kwa kuwa grafu ya umeme hakuieleza kwa ufasaha unaotakiwa. Kuna mtihani mwingine, OET, unaomtaka muuguzi aandike barua ya kumhamisha mgonjwa. Huo una akili. Bei yake ndiyo hatukuiweza.

Hayupo peke yake. Mwaka 2021, baada ya Kenya na Uingereza kutia sahihi mkataba wa wahudumu wa afya, Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, alitangaza kwamba kati ya 300 waliofanya mtihani wa lugha, waliofaulu ni 10. Nchi nzima ikawatupia maneno wauguzi. Nakumbuka mtu kwenye matatu ya Bamburi akisema kwa sauti, "Kumbe hata Kiingereza hawajui hawa wanaotudunga sindano." Nilishuka kabla ya kituo changu. Sikumsikia kiongozi hata mmoja akiuliza mtihani wenyewe ulipima nini. Kikundi cha kwanza kilipopanda ndege mwaka 2022, kilikuwa na watu 19.

Sawa, na sisi tuna makosa yetu. Insha tulifundishwa kwa kukariri, misemo ya kupamba mwanzo na misemo ya kupamba mwisho, na mtihani ule unaadhibu mapambo. Vyuo vyetu vinaweza kukaa na nakala za matokeo ya mtu miezi, ilhali alama za lugha zinakufa baada ya miaka 2. NMC wenyewe walilegeza kidogo mwaka 2023: sasa unaweza kuunganisha alama za mitihani miwili iliyofanywa ndani ya miezi 12, na mwajiri wa huko anaweza kukutolea ushahidi kama tayari unafanya kazi kwake. Hilo la mwajiri linamfaa aliyeshafika. Mdogo wangu yuko Kisauni.

Pesa sitazikalia sana. Maombi pauni 140, mtihani wa kompyuta pauni 83, mtihani wa vitendo uitwao OSCE pauni 794, kuandikishwa pauni 153. Ni karibu laki mbili za Kenya kabla ya nauli, na OSCE hufanyiwa huko huko. Kuna hospitali za Uingereza zinazomlipia nesi sehemu kubwa, na nashukuru zipo.

Nampa OSCE haki yake. Ni vituo 10: unampokea mgonjwa, unamwuliza, unampima, unaandika, unaosha mikono, unamfufua mwanasesere. Hapo muuguzi anapimwa kama muuguzi, kwa Kiingereza, ana kwa ana. Sina neno nao. Kama mtu anaweza kupita vituo 10 akizungumza na mgonjwa kwa Kiingereza, grafu ya umeme ilikuwa ya kazi gani?

Wengine wananiuliza kwa nini asiende Ujerumani, kwa kuwa mkataba tulitia sahihi Berlin mwezi wa 9 mwaka 2024. Huko anatakiwa afike kiwango cha B2 cha Kijerumani, yaani juu ya kati, na ni jasho. Ila wale wanakuanzisha sifuri na mwenzako, wanakufundisha lugha yao kama lugha yao. Hawakuulizi ulizungumza nini na mgonjwa wako wa Likoni. Na Marekani mtihani wao wa leseni ya uuguzi, NCLEX, unaanza na maswali 85 na unaweza kukuvuta hadi 150, lakini walau ni maswali ya uuguzi.

Na wapo wanaosema afadhali fomu imkwamishe, abaki, nchi inamhitaji. Mama yangu ni mmoja wao. Nchi inamhitaji kweli, nazijua wodi zetu, najua kuna usiku nesi mmoja anabaki na wagonjwa wa manesi watatu. Lakini mwaka 2017 wauguzi waligoma miezi 5 nchi hii hii, na mdogo wangu tangu amalize chuo ameishi kwa mikataba ya muda, mmoja ukiisha anasubiri mwingine huku analipa kodi ya nyumba. Anayetaka abaki amwajiri. Asitumie kisanduku cha fomu ya watu wengine kumshikia miguu.

Ninachokitaka kinaweza kuandikwa kwenye karatasi moja. Baraza letu la wauguzi na Wizara ya Afya, mlioketi mezani mkasaini mkataba ule, rudini mezani na kifungu hiki cha asilimia 75. Wapelekeeni faili. Futeni majina ya wagonjwa, chukueni noti za wodi moja za Mombasa za mwezi mmoja, ziwekeni mbele yao, wasome. Waambieni hayo ndiyo maandishi ya Kiingereza ya wauguzi wetu, yaliyoandikwa saa kumi za usiku na watu waliokuwa wakisema Kiswahili kwa mdomo. Wahesabu na hayo.

Juzi nilimwuliza mdogo wangu kama angerudi nyuma angefanya vingine, angesema Kiingereza wodini ili apate ile sahihi. Alikuwa anapiga pasi sare yake. Aliniangalia kama nimemtukana.

"Dada, ningemwambia nini yule mama wa kitanda cha nne?"

Sikumwuliza ni mama gani. Kila mmoja wetu ana wake wa kitanda cha nne. Mtihani wa pili ni Jumamosi hii, amebadilishana zamu na mwenzake ili alale usiku wa Ijumaa. Nitampeleka mwenyewe hadi mlangoni.