Tumbaku ya Tabora: nani analipia kuni?

Wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge wamelaumiwa kwa kumaliza miombo tangu wengi wetu hatujazaliwa. Lawama hiyo ina ukweli. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwenye bani kwa moto unaowaka usiku na mchana, karibu wiki nzima, na kuni nyingi hutoka porini. Juu ya hapo zao lenyewe huchosha ardhi na minyoo fundo, inayoshambulia mizizi, hubaki udongoni, kwa hiyo baada ya misimu michache mkulima hufyeka shamba jipya.

Ila tupige hesabu kwa upande wake. Pembejeo anakopeshwa kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, bei anaijua mapema, na imepangwa kwa dola. Nani anampa mkataba wa namna hiyo kwenye mahindi? Kuni nazo zinamgharimu jasho na mkokoteni tu. Jani likipanda bei, analima zaidi, na msitu ndio unaotoa ruzuku.

Sera imejibu kwa kumtaka apande miti. Sawa, lakini kinachotangazwa kwa furaha ni miche iliyogawiwa. Mchwa, ng'ombe na moto wa kiangazi havisomi taarifa. Na hata mikaratusi ikistawi, humo huokoti uyoga wala hupati mninga.

Wapo wanaotaka soko la nje libane. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya kuzuia bidhaa zilizotoka kwenye misitu iliyofyekwa baada ya mwaka 2020: kahawa, kakao, soya, mawese, mpira, mbao na mazao ya ng'ombe. Tumbaku haimo. Iongezwe? Mimi nasita. Brazili, wafanyabiashara walikubaliana mwaka 2006 kutonunua soya ya mashamba mapya ya Amazon, na soya ikapungua sana kuingia msituni humo. Savana ya Cerrado, ambayo makubaliano hayakuigusa, iliendelea kufyekwa. Hapa pia, mkulima aliyefungiwa tumbaku anaweza kuchoma mkaa kwa shoka lile lile. Na mkaa tulishaupiga marufuku mwaka huo huo wa 2006. Haikudumu, maana watu walikuwa hawana kingine cha kupikia.

Asali ndiyo inayolipa mti ukiwa umesimama, na Tabora haihitaji kufundishwa ufugaji nyuki. Tatizo ni kwamba peke yake haijatosha kulipa ada za watoto wa kaya nyingi. Kinachonivutia zaidi ni Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inayoruhusu kijiji kumiliki msitu wake, kuvuna kwa mpango na kubaki na mapato. Kijiji chenye msitu kinaweza kuziuza kuni kwa bei halali, na gharama hiyo ikaingizwa kwenye bei ya kilo ya jani. Wanunuzi watalalamika kwamba tumbaku yetu itashindwa na ya Zimbabwe na Malawi, na hofu hiyo si ya kubeza. Lakini kwa sasa ushindani huo unagharimiwa na kijiji kisichokaa kwenye kikao cha bei.