Bao Si la Kuwekwa Kabatini

Mpwa wangu anasoma chuo kimoja hapa Tanga, na juzi alikuja nyumbani amenuna. Wana semina ya kusoma na kubuni michezo. Kila kundi lilitakiwa kupeleka mchezo mmoja uchambuliwe mbele ya wenzao, na kundi lake likapeleka bao, ule mchezo wa kupanda kete moja moja kwenye vishimo vya ubao. Mkufunzi akalisifia nakshi, kisha akawaambia hilo ni la urithi, walitunze kwa ajili ya siku ya utamaduni. Kwenye semina walete mchezo ambao mtu ameketi akaubuni.

Kauli hiyo imenikaa kooni mpaka leo, maana sijaona mchezo uliobuniwa kwa akili nyingi kuliko bao.

Angalieni kete peke yake. Kwenye drafti, kilicholiwa kimetoka. Kwenye bao, kete 64 zinaanza na 64 zinamaliza. Unachokula kwa mwenzako unakipanda upande wako, na zamu inayofuata anaweza kukikomba chote kikarudi kwake. Ndiyo maana mtu anaonekana ameshafilisika, safu ya mbele amebakiwa na vishimo viwili vyenye uhai, halafu anapata mtaji mmoja mrefu, yaani zamu ya kula, unaozunguka ubao mzima na wote waliosimama pembeni wanapiga kelele. Wabunifu wa michezo wa leo bado wanahangaika na tatizo hilohilo: mchezo ambao mshindi anajulikana katikati, na aliyezidiwa anaendelea kukaa kwa adabu tu. Mababu zetu walilimaliza kwa kanuni moja.

Halafu kuna nyumba, shimo maalumu la kila mchezaji kwenye safu ya mbele. Kete sita zimekaa pale tangu mwanzo. Unapokula, kete ya mwisho ikiangukia humo, kanuni haikulazimishi: ulale, yaani uishie hapo, au usafiri, yaani uzichukue kete za nyumba uendelee kuzipanda, shauri lako. Dadu hakuna, karata iliyofunikwa hakuna. Kila kitu kiko wazi mbele ya macho yenu wawili, na bado hujui mwenzako ataamua nini.

Kuna mzee mmoja mtaa wa Ngamiani, hapa Tanga, ambaye napenda kukaa karibu na ubao wake baada ya alasiri. Siku moja kijana aliyekuwa akicheza naye alisafiri mapema, akaimwaga nyumba yake yote, akala vizuri sana. Mzee hakusema kitu. Alinamua kete moja, yaani aliiingiza ubaoni kutoka mkononi, akaanza kuzungusha, vidole vikiachia kete bila macho kuvifuata. Alipolala, kijana alikuwa na shimo moja tu la mbele lenye kitu.

"Nyumba ulikuwa nayo, mwanangu. Haraka ya nini?"

"Nimekoma, babu."

Kisha mzee akafanya jambo ambalo natamani mkufunzi yule angeliona. Alizirudisha kete zote jinsi zilivyokuwa zamu tatu nyuma, kwa kumbukumbu tu, shimo kwa shimo, akamwonyesha kijana njia mbili alizokuwa nazo. Moja ilimaliza kwa kulala salama. Nyingine ilimpa mzee woga, kwa sababu nyumba ilikuwa bado imejaa na kijana alikuwa bado na kete mkononi. Huo ni uchambuzi wa mchezo, na ndio kazi ambayo semina imeanzishwa kuifundisha.

Wenzetu wameliona hilo zamani. Mholanzi Alex de Voogt aliwasoma mafundi wa bao wa Zanzibar, jinsi wanavyohesabu na kukumbuka, na utafiti huo ukampa shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, mwaka 1995. Leiden bao ni elimu. Tanga, ambako linachezwa barazani, tunaliambia lisubiri siku ya ngoma.

Na mtoto hakusahauliwa. Bao la kujifunza linapangwa kete mbili mbili kila shimo, bila kunamua, bila nyumba. Akishazoea kupanda na kula ndipo anaingizwa kwenye la wakubwa, la kuanza na kete 22 mkononi. Mwalimu yeyote anayejua kazi yake ataheshimu mpangilio huo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba semina ikibaki kwenye bao peke yake haitamfundisha mtu kutengeneza gemu la simu, na vijana wanataka ajira. Sawa. Lakini tazameni kundi lingine la darasa lilelile lilichofanya. Wametengeneza mchezo wa mkonge. Wamechukua habari ya Hindorf, Mjerumani aliyeleta mkonge Tanga, aliyeagiza miche 1000 mwaka 1893 ikafika hai 62, na mchezaji anaanza na hiyo 62. Mmoja ana shamba, mwingine ni manamba, kibarua wa shambani, mwingine ana meli. Walipoujaribu, mwenye shamba alishinda kila mara, wakaanza kubishana: hilo ni kosa la kanuni, au ndiyo habari yenyewe ya mkonge? Mpwa wangu anasema walibishana mpaka mlinzi akaja kufunga darasa.

Marekani, Elizabeth Magie alipewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mchezo wake wa makabaila mwaka 1904, akitaka watu waone kwa mikono yao jinsi mwenye ardhi anavyotajirika na mpangaji anavyofukarika. Kutoka kwenye mchezo huo ndiko ilikozaliwa Monopoly, ambayo kampuni ya Parker Brothers ilianza kuiuza mwaka 1935. Mama huyo, aliyekuwa amechukua hataza nyingine mwaka 1924, alilipwa dola 500. Vijana wa mkonge walikuwa wanatembea njia aliyotembea yeye, na hawakuwa na mtu wa kuwaambia hivyo.

Wazazi wanaogopa kwamba semina ya michezo itawazoesha vijana kubeti, na wana haki. Nimeona ada ya muhula ikiishia kwenye mkeka wa kubeti. Lakini kijana aliyewahi kukaa chini akatengeneza mchezo wa bahati, akapiga hesabu ya nani analipwa na nani analipa, ndiye wa kwanza kujua kwamba mkeka umepangwa ili kampuni ibaki na faida.

Ninachoomba chuo si kikubwa. Muhula ujao bao liwekwe mezani wiki ya kwanza, kabla ya kitabu chochote. Wanafunzi walicheze mpaka waweze kusema kwa nini kete hazitoki ubaoni na nini kingeharibika zingetoka. Wabadilishe kanuni moja, waujaribu mchezo huo mpya na watu wasiowajua, wafunge midomo na waangalie. Na aitwe fundi kutoka Ngamiani awafundishe, jina lake liandikwe kwenye ratiba, alipwe kama anavyolipwa mhadhiri mgeni.