Dada wa mwisho wa laini hana kosa

Jamani mwaka wa sita huu niko Japani, mkoa wa Aichi, kiwanda cha vipuri vya magari, na kilichonibadilisha zaidi huku ni kamba. Inaning'inia juu ya laini, yani mstari wa uzalishaji tunaposimama kufanya kazi, ukiona kitu hakijakaa sawa unavuta kumwita kiongozi. Wiki ya kwanza bolti ikaniingia upande, nikavuta huku mkono unatetemeka, nikajua leo nafukuzwa. Kiongozi wa zamu akaja mbio, akanishukuru, halafu akainama kwenye boksi la bolti, mimi hata hakuniangalia. Kumbe stoo walichanganya saizi mbili.

Usiku ule nilimkumbuka dada mmoja wa kiwanda cha unga nilikofanyia kazi nyumbani. Mfuko wa kilo 2 ukipungua, mfungashaji anakatwa mshahara, basi. Alikatwa miezi mitatu mfululizo, wakamtoa wakaleta mwingine, mifuko ikaendelea kupungua vilevile. Sa hivi ndo naiona picha yote: unga ulikuwa unanata kwenye mashine kwa sababu mahindi yalikuja na unyevu, mwisho unaoruhusiwa ni asilimia 13.5 lakini kipima unyevu kilishakufa zamani, na watu wa manunuzi wanapokea mzigo wowote kwa sababu wao bosi anawapima kwa bei tu, ukinunua rahisi unapewa bonasi. Yani idara moja inapongezwa kwa mahindi yaleyale yanayomkatisha mtu mshahara huku mwisho!

Deming, yule Mmarekani mtaalamu wa ubora aliyekuja kuwafundisha wakuu wa viwanda huku mwaka 1950, alikuwa na jaribio lake la shanga. Sanduku lina nyeupe na nyekundu, nyekundu ndo bidhaa mbovu, nazo ni asilimia 20, unachota kwa kibao cha matundu 50 bila kuchagua. Ukitoka na nyekundu nyingi unagombezwa, chache unasifiwa, na sanduku ni lilelile. Niliposoma hiyo roho iliniuma kwa ajili ya yule dada.

Sisemi huku peponi, ovataimu zinaua na upweke ndo usiseme. Ila kwetu kitu kikiharibika tunatafuta mchawi, tukimpata tunatulia. Nyie mlio mameneja, kabla hujasaini kumkata mtu hebu shuka ukasimame pale anaposimama shifti nzima, uone mzigo unamfikia ukiwa na hali gani.

Juzi nilimpigia jamaa bado yuko kiwandani pale nikamuuliza kile kipima unyevu. Kaniambia kiko kwenye droo ya ofisi, hakijapelekwa kwa fundi mpaka leo.