Maji ya moto, bomba la plastiki

Malindi tumezoea kulaumu bomba. Likivuja nyuma ya jiko la hoteli, bomba bovu. La sivyo, fundi bovu, alibania gamu. Mimi nasema wote wawili wanasingiziwa. Mwenye lawama ni yule anayemwaga maji yakiwa bado yanatokota, na kazi ya kuyapoza ni ya mwenye biashara, kabla hayajaingia kwenye bomba la taka.

Mji huu umejaa majiko ya Kitaliano, na pasta haipikwi kwa maji ya uvuguvugu. Huchemshwa kwenye mashine yenye beseni kubwa, kisha koki inafunguliwa na maji mazito ya wanga yanashuka yote kwa mkupuo mmoja. Ipo na mashine ya kuosha vyombo, ambayo maji yake ya kusuuzia hufikishwa nyuzi 82 ili yaue vijidudu. Hospitali nazo zina mashine za kutakasa vifaa kwa mvuke wa nyuzi 121. Sasa bomba la PVC, lile la kijivu linalouzwa kila hadiwea, halikukusudiwa kubeba zaidi ya nyuzi 60 mfululizo. Likikaribia 80 linalegea.

Nimewahi kusimama nyuma ya mkahawa mmoja fundi akifunua chemba. Bomba lililopita ukutani lilikuwa limeshuka tumbo kati ya kishikizo na kishikizo, na ndani ya lile tumbo wanga na mafuta vimegandana, vyeupe, vigumu kama sabuni ya mche. Kwenye kiwiko, jointi imeachana kiasi cha kupitisha kisu. Si ajabu: bomba la PVC la mita 10 likipata joto la nyuzi 50 za ziada hurefuka sentimita 3 hivi, usiku likapoa likarudi. Kila siku, msimu mzima. Gamu gani itavumilia?

“Bosi, hata nikitia jipya utaniita tena,” fundi akasema.

“We tia jipya.”

Akatia.

Mafuta ndiyo yanayonikera zaidi, kwa sababu hapo mtu amekwisha kutoa pesa. Kile kisanduku cha kunasa mafuta hufanya kazi kwa kuyaacha mafuta yapoe, yaelee, yagande juu. Ukikimiminia maji ya kuchemka, yaliyoganda yanayeyuka na kupita, kisha yanaganda upya mbele kidogo, chini ya uwanja, pahali ambapo hakuna mkono unaofika. Hoteli nyingi hapa zinategemea tangi la septiki na shimo lililochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, ambao una matundu tele. Mafuta yakifika huko, shimo linaziba na gari la kunyonya linaitwa kila mara. Na jointi ikiachia njiani, jirani mwenye kisima atajua kabla ya mwenye hoteli.

Dawa inayopendekezwa katika vitabu vya ng'ambo ni vali inayopima joto na kuchanganya maji baridi humo humo kwenye bomba. Kule Marekani kanuni za mabomba zinataka maji yashuke hadi nyuzi 60 kabla ya kuingia kwenye bomba la taka, na kwa nchi ambayo maji ya mfereji yanatoka ya baridi, vali inatosha. Piga hesabu ya kwetu. Maji ya nyuzi 90, ukiyapoza kwa maji ya mfereji ya nyuzi 30, lita 1 inataka lita 1 nzima kufika 60. Lakini kanuni zetu za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaka maji yanayoingia mfereji wa maji taka yasizidi nyuzi 35. Kufika huko, lita 1 itakula lita 11. Na ikiwa maji yako yanatoka kwenye tangi la juu ya dari lililopigwa na jua la Februari, usijisumbue, hutafika. Huku mitaani watu wanasukuma mikokoteni ya mitungi ya lita 20, wewe unamwaga maji matamu ya Baricho, chanzo cha maji ya mji huu, kupoza maji ya pasta! Naona ni aibu.

Dawa yetu ni kuyaweka yasubiri. Tangi la chuma nje ya ukuta wa jiko, lenye mfuniko, linalotosha maji yote ya mchana wa shughuli. Maji ya moto yaingie juu, na bomba la kutokea lianzie karibu na sakafu ya tangi, lipande hadi karibu na mdomo ndipo litoke, ili tangi libaki limejaa, kwa sababu ya moto hukaa juu na yaliyopoa hukaa chini. Kila beseni jipya likiingia linasukuma nje yaliyopoa. Hakuna umeme wala vali ya kuagizwa, ila kulisafisha, maana wanga ukilala unanuka.

Mwenye uwezo apitishe ndani yake koili ya shaba, bomba lililosokotwa linalopitisha maji safi yapate moto. Lita 100 zikishuka kutoka nyuzi 90 hadi 40 zinaachia joto la karibu uniti 6 za stima, na wenye hoteli wanavyolalamikia bili, hizo si za kumwaga. Tahadhari moja: maji yakikatika, presha kwenye koili inashuka, na penye tundu maji machafu yatavutwa ndani. Kwa mji wenye mgao, maji ya koili yapelekwe kwenye tangi lake peke yake, yatumike kuosha sakafu, si sahani.

Nafasi ya kuweka tangi hilo ni Mei, mvua ya masika ikiwa imewaondoa wageni na hoteli nyingi zimefunga. Wenyewe wakati huo hupaka rangi kuta za mbele.