Miezi ya foleni ya visa: namba ya kulipia ada, si ya kukatia tiketi

Anayepanga safari ya Marekani kutoka Nairobi kwa kawaida huanzia kwenye ukurasa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani wenye jedwali la muda wa kusubiri mahojiano ya visa katika kila ubalozi. Anaona idadi ya miezi, anahesabu kwenye kalenda, anakata tiketi. Aliyewahi kuumwa na jedwali hilo atamwambia ni porojo tupu. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli.

Kwa visa ya matembezi na biashara, yaani B1/B2, jedwali lina namba mbili. Ya kwanza inahusu nafasi iliyo wazi: ukiingia kwenye foleni sasa, utaitwa baada ya miezi mingapi. Ya pili ni wastani waliosubiri watu waliohojiwa mwezi uliopita. Wanaolalamika wengi huitazama ile ya kwanza tu, nayo ndiyo kigeugeu. Ubalozi ukifungua nafasi nyingi kwa mkupuo, inashuka ghafla. Zikijaa, inapanda tena. Na kwa kuwa jedwali husasishwa mara moja kwa mwezi, unachokisoma huenda kimeshapitwa.

Faida yake inaonekana ukizilinganisha namba hizo. Wastani ukiwa chini sana ya nafasi ya kwanza, mara nyingi ni dalili kwamba watu walishika tarehe za mbali, kisha wakawa wanarudi kwenye kalenda kudaka zilizoachwa na wengine. Hapo chukua tarehe yoyote, halafu chungulia mara kwa mara. Lakini kuhamisha miadi kuna kikomo; ukikimaliza, unalipa upya. Namba zikikaribiana, foleni ni ngumu kweli, na dalali anayekuahidi tarehe ya wiki ijayo mwogope. Hata akiipata, inaweza kufutwa: Machi 2025 ubalozi wa Marekani nchini India ulifuta miadi takriban 2,000 iliyokamatwa na programu za kompyuta za kujiendesha.

Jedwali linasaidia pia kwenye pesa. Ada ya B1/B2 ni dola 185, hairudishwi, na risiti yake inakupa siku 365 za kupanga miadi. Kulipa mapema mno bila kushika tarehe ni kuila risiti bure. Mwanafunzi asome safu yake, ya visa za masomo na za kubadilishana (F, M na J), ambayo mara nyingi ni fupi. Visa ya F anaweza kupewa hadi siku 365 kabla ya masomo kuanza, ila kuingia Marekani ni ndani ya siku 30 za mwisho.

Wanaolidharau wana hoja nzito zaidi kwenye yale lisiyoyasema. Miezi ile inaishia mlangoni mwa mahojiano. Ukipewa karatasi ya 221(g), yaani ya kukuambia visa bado haijatolewa, faili lako linaingia kwenye uchunguzi wa ziada, na hakuna safu inayouhesabu. Pasipoti nayo inaweza kubaki ubalozini. Zaidi ya hapo, foleni fupi haimaanishi mlango uko wazi: tamko la rais wa Marekani la Desemba 2025 lilisitisha visa za B, F, M na J kwa Watanzania kuanzia 1 Januari 2026, isipokuwa kwa makundi machache. Mtanzania anayeona miezi michache mbele ya jina la Dar es Salaam amesoma namba sahihi isiyomhusu. Ujanja wa kufuata foleni fupi nchi jirani nao umebanwa: tangu Septemba 2025, mwombaji wa visa isiyo ya uhamiaji anatakiwa kuomba katika nchi ya uraia wake au anakoishi.

Kwa wanaohamia kupitia ndugu, jedwali hili ni karibu bure. Wao watazame taarifa ya visa ya kila mwezi inayoonyesha zamu za makundi.

Mizani yangu inaelemea upande wa kulitumia, kwa mpangilio huu: jaza DS-160, ile fomu ya maombi ya mtandaoni, lipa, shika tarehe ya kawaida. Ukiwa na msiba au matibabu ya haraka, ombi la dharura hutumwa baada ya kushika tarehe hiyo. Ukijaza DS-160 upya, namba yake mpya inayoanza na AA iingize kwenye miadi siku kadhaa kabla, maana zikitofautiana unaweza kurudishwa getini na kuanza foleni upya. Tiketi ikatwe pasipoti yenye visa ikiwa mkononi.