Bangi na presha ya macho: hesabu ya saa

Ukiwa na mzee mwenye presha ya macho hapa Tabora, hukosi mtu wa kukunong'oneza kwamba bangi inaishusha, ila madaktari wanaficha. Kwamba inaishusha ni kweli. Kwamba wanaficha si kweli: waliotangaza ni madaktari wenyewe. Mwaka 1971, Hepler na Frank wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliandika kuwa presha ya jicho ilishuka kwa asilimia 25 hadi 30 baada ya mtu kuvuta. Hata latanoprosti, dawa ya matone inayoaminika, hushusha kiasi cha kukaribiana na hicho.

Kwa nini basi daktari anakataa? Sheria inakataza, lakini hata ingeruhusu, saa zinamhukumu mvutaji. Nafuu ya bangi hudumu saa 3 hadi 4 tu, na glakoma, ugonjwa huu wa presha ya macho unaoua neva ya jicho, haina mapumziko. Neva ya jicho ikishakufa hairudi. Anayetegemea msokoto itambidi avute mara 6 hadi 8 kila siku, aamke saa nane za usiku avute, avute tena alfajiri kabla ya kwenda kwenye tumbaku yake Urambo. Hivyo hivyo mwaka mzima, mpaka uzee. Mtu huyo atalima saa ngapi? Nani atampa baiskeli abebe mtoto? Akipitiwa na usingizi, presha inapanda na wala hasikii maumivu. Latanoprosti ni tone moja jioni, basi.

Halafu kuna damu. THC, kemikali ya bangi inayolevya, huweza kushusha presha ya mwili, hasa mtu anaposimama. Neva ya jicho inategemea msukumo wa damu kuliko tunavyodhani, na msukumo ukilegea, faida iliyopatikana jichoni inaweza kuliwa yote.

Watetezi wa bangi wana hoja hapa. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani waliwapa watu wachache wenye macho mazima THC ya kumeza. Damu ilipita haraka zaidi kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na presha ya mwili haikubadilika kwa maana. Ila hao hawakuwa wagonjwa. Tone lisilolevya, litakalogusa vipokezi (sehemu zinazopokea dawa) vya jichoni peke yake, nami ningelipokea kwa mikono miwili.

Mafuta ya CBD, kemikali nyingine ya bangi, husifiwa eti kwa kuwa hayalevyi, lakini ndiyo yanayonitisha zaidi: katika jaribio dogo la Aberdeen, Uskoti, la 2006, miligramu 40 chini ya ulimi zilipandisha presha ya jicho kwa muda.

Aliyeacha matone kwa sababu ya bei amwambie daktari waziwazi. Timololi, dawa nyingine ya matone, kwa kawaida ni ya bei nafuu zaidi, na upasuaji wa kufungulia maji ya jicho njia upo.