Kidonda ndugu na sungusungu wa mwilini

Baba mkubwa wangu wa Kibirizi, Kigoma, aliungua mguu kwa karabai akiwa kijana, usiku, kwenye dagaa. Kovu likawa linapasuka, linafunga, linapasuka tena, miaka nenda rudi. Wenyewe tulikiita kidonda ndugu, kimeshakuwa wa nyumbani. Mwaka huu kingo zikanyanyuka, zikakakamaa kama ukoko wa wali, harufu haikati hata kikisafishwa. Kinyama kilichokatwa kikapimwa: saratani ya ngozi.

Vidonda vinavyoota kwenye makovu vilielezwa na daktari Mfaransa, Jean-Nicolas Marjolin, mwaka 1828. Mwaka 1863 Mjerumani Rudolf Virchow, baada ya kuona chembe nyeupe za damu ndani ya uvimbe wa saratani, alihisi ugonjwa huanzia pale mwili unapochokozwa bila kupumzika.

Chembe nyeupe hufanya kazi kama sungusungu, walinzi wa vijiji, wa miaka ya 1980 kwetu magharibi: filimbi ikilia, wote mbio. Zikifika kwenye kidonda humwaga kemikali kali za kuua vijidudu, na kemikali hizo hazichagui. Huharibu hata vinasaba vya ngozi yenye afya. Wakati huohuo huagiza mishipa mipya ya damu na kuhimiza chembe za ngozi zigawanyike ili pengo lizibe. Kwa hiyo chembe iliyokwisha kuharibika inaambiwa izaane. Panya walionyimwa TNF, kemikali ya mwili inayoziita chembe nyeupe kama filimbi, walipata uvimbe mchache walipopakwa kemikali za kuleta saratani ya ngozi.

Basi tuwafukuze sungusungu? Hapana. Waliopandikizwa figo, wanaomeza dawa za kushusha kinga, hupata saratani hii mara nyingi mno kuliko watu wengine. Tena kuna krimu, imikwimodi, inayotibu baadhi ya saratani za ngozi kwa kuwasha uleule wekundu na uvimbe tunaoulaumu.

Kwangu mimi kosa ni muda: siku kumi za uvimbe ni ulinzi, miaka thelathini ni jambo lingine. Wala tusiwabebeshe sungusungu hawa kila kesi. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, jua lenyewe ndilo linalopiga vinasaba kwanza. Kofia pana na mikono mirefu haviwezi kungoja mjadala huu.

Baba mkubwa aliniuliza, "Kwa hiyo walinzi wangu ndio walioniponza?" Nikamjibu, "Baba, tuliwaacha lindoni bila kuwapokea." Akanyamaza, kisha akamwita kijana wa mtumbwini mwake, mwenye kovu la karabai kiwikoni, akamwambia akunje shati tulitazame.